Mfalme alipokataliwa, nani alitawala Massachusetts?

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia shule ya sekondari, na ndimi mlezi wa klabu ya mdahalo. Mada yetu muhula huu ni 'Nchi iliyo vitani haiwezi kujitungia katiba.' Upande wa kupinga waliniomba mfano, nikawapa makoloni ya Marekani. Binti mmoja akaniuliza: tangu vita vilipoanza 1775 mpaka Washington alipoapishwa kuwa rais 1789, nani alikuwa anakusanya kodi na kuwafunga wezi? Nikamjibu ni Washington na Kongresi. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Baadaye nikasoma kwamba watu wa Massachusetts waliikataa katiba yao wenyewe vita vikiendelea. Inakuwaje watu waikatae serikali yao adui akiwa mlangoni? Naogopa nimewapa vijana mfano utakaowaangusha jukwaani."*

Marahaba, mwalimu. Kwanza mfikishie huyo binti pongezi zangu. Swali la nani anakusanya kodi na nani anafunga wezi ndilo swali la kwanza la serikali yoyote, na wengi wetu tuliosoma mapinduzi ya Marekani tumelipita juujuu tukikimbilia chai, risasi na sahihi za wakubwa.

Nikikuelewa vizuri, una mashaka mawili. La kwanza ni kwamba hapakuwa na serikali kati ya mfalme na Washington, au kama ilikuwepo huijui. La pili ni kwamba watu kuikataa katiba katikati ya vita kunauvunja mfano wako. La kwanza nitakuondolea kabisa. La pili nitakuondolea kwa sehemu, kwa sababu mfano wako una mahali palipo laini, na ni heri uoneshwe na mimi kuliko na wapinzani wa vijana wako.

Tuanze na lile jibu ulilompa. Washington hakutawala mtu yeyote asiyekuwa askari. Juni 1775 aliteuliwa kuwa jemadari wa jeshi, na kazi hiyo aliishika mpaka alipoirudisha Desemba 1783. Kongresi ya Bara, iliyokaa Philadelphia, nayo haikuwa na uwezo wa kumtoza mkulima hata senti moja. Ikitaka fedha iliyaomba makoloni, au ilichapa noti zilizozidi kupoteza thamani kila mwaka. Mwizi wa kuku wa Worcester Kongresi haikumjua wala haikuwa na mahakama ya kumpeleka. "Marekani" kama dola moja unayoiona leo kwenye ramani haikuwepo. Palikuwa na makoloni 13, na kila moja lilipasuka kutoka kwa mfalme kwa namna yake. Kwa hiyo swali la binti lina majibu 13. Mimi nitakupa moja, la Massachusetts, kwa kuwa huko mambo yalicheleweshwa kwa makusudi, na ule ucheleweshaji ndio wenye mafunzo.

Koloni hilo lilikuwa na hati ya kifalme ya mwaka 1691. Kwa hati hiyo gavana aliteuliwa na mfalme, Baraza la Wawakilishi lilichaguliwa na miji, na wawakilishi wenyewe waliwachagua wajumbe wa Baraza la Ushauri lililokaa pembeni ya gavana. Huo ni muundo wa juu. Chini yake kulikuwa na kitu ambacho wewe, kama umekulia kijijini Tanzania, utakitambua mara moja: mkutano wa mji. Fikiria mkutano mkuu wa kijiji, isipokuwa wenye kura walikuwa wanaume wenye mali kidogo. Mkutano huo ulipanga kodi ya mji, ulimchagua karani, mtunza hazina, konstebo, mkagua barabara, hata mtu wa kukamata nguruwe wanaozurura katika mashamba ya watu. Nguruwe hao si mzaha. Watu waliokwisha kuzoea kuchaguana mpaka kwa ajili ya nguruwe hawapotei sana gavana akiondoka, kwa sababu sehemu kubwa ya serikali wanayoijua haijawahi kutoka kwake.

Desemba 1773 wakoloni waliopinga kodi ya Uingereza wakaimwaga chai bandarini Boston. Bunge la Uingereza likajibu mwaka uliofuata kwa adhabu kadhaa, na ile ambayo vitabu vyetu huitaja zaidi ni kufungwa kwa bandari. Lakini bandari ilikuwa shida ya Boston. Iliyomgusa mkulima wa ndani, ambaye pengine hakuwa na hata chombo cha kunywea chai, ni sheria ya Mei 1774 iliyobadilisha serikali ya koloni. Baraza la Ushauri sasa lingeteuliwa na mfalme. Miji isingeitisha mikutano zaidi ya ule wa mwaka bila idhini ya gavana. Juri, yaani wananchi wanaokaa kuamua kesi, wangechaguliwa na sherifu, ambaye ni mtu wa gavana. Gavana mwenyewe sasa alikuwa jenerali, Thomas Gage. Kwa mkulima mwenye deni hii haikuwa nadharia: hakimu aliyewekwa na watu asiowajua, pamoja na juri iliyopangwa, vingeweza kumwondoa kwenye shamba lake.

Hapo likatokea jambo ambalo ningependa binti yako alijue. Watu hawakusubiri vita. Agosti 1774 umati wa watu wapatao 1,500 ulijaa mjini Great Barrington, magharibi kabisa ya koloni, ukawazuia majaji kuingia mahakamani. Tarehe 6 Septemba ikawa zamu ya Worcester. Wanamgambo zaidi ya 4,600 kutoka miji 37 walijipanga pande mbili za barabara kuu, kila mji na kundi lake. Maofisa wa mahakama wakalazimika kupita katikati yao, kofia mikononi, wakisoma kwa sauti tamko la kujitoa katika kazi yao chini ya sheria ile mpya, wakirudia tena na tena ili wa nyuma nao wasikie. Hakuna aliyeuawa. Kufika vuli ya 1774 amri ya Gage ilikuwa imebaki Boston tu, mahali alipokuwa na askari. Risasi za Lexington, zilizoanzisha vita, zilikuwa bado miezi saba mbele.

Kwa hiyo ukisema serikali mpya ilizaliwa vitani, unasema nusu ya ukweli. Serikali ya zamani ilikufa kwanza, kijiji kwa kijiji, kisha vita vikaja kujaribu kuifufua.

Sasa kodi. Gage alikuwa ameliita Baraza la Wawakilishi likutane Salem Oktoba 1774, halafu akaona hali ilivyo akaufuta mwito. Wajumbe kama 90 wakaja hivyo hivyo. Wakakaa wakamngoja gavana aje kuwaapisha, nao wakijua wazi kwamba haji. Alipokosekana wakajitangaza kuwa Kongresi ya Jimbo, wakahamia Concord, wakamchagua John Hancock kuwa mwenyekiti. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wameipa miji maelekezo: kodi ya koloni isipelekwe tena kwa mtunza hazina wa gavana, ipelekwe kwa Henry Gardner wa mji wa Stow. Fedha haikuingia kwa kasi, maana hakuna mtu duniani aliyewahi kukimbia kulipa kodi kwa serikali isiyo na uhakika wa kesho. Lakini angalia ujanja wake. Kodi ile ile, iliyopangwa na mkutano ule ule wa mji na kukusanywa na konstebo yule yule, imebadilishwa mahali pa kufikia tu. Hakuna ofisi iliyojengwa. Mto umeelekezwa kwenye shamba lingine.

Mjibu binti hivyo: kodi ilikusanywa na konstebo wa mji, ikapelekwa kwa Gardner. Washington hakuwa hata ameitwa.

Vita vilipoanza Aprili 1775 tatizo likabadilika sura. Maelfu ya wanaume wenye bunduki walikusanyika kuuzingira mji wa Boston, na juu yao hapakuwa na mamlaka yenye msingi wa kisheria isipokuwa hiyo Kongresi ya Jimbo iliyojitangaza yenyewe. Viongozi wake wakaingiwa na hofu, na hofu yao waliiandika. Mei mwaka huo waliipelekea Kongresi ya Bara barua wakisema wanatetemeka kuwa na jeshi, hata kama ni la watu wao wenyewe, bila mamlaka ya kiraia ya kulilisha na kulidhibiti. Walijua kinachotokea mahali ambapo mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Barua hiyo ilipelekwa Philadelphia na daktari mmoja, Benjamin Church, mjumbe wa kuaminika kabisa. Miezi michache baadaye ikagundulika kwamba alikuwa akimpelekea Gage habari. Hilo nakutajia pembeni tu, ili vijana wako wasidhani waanzilishi wa nchi walikuwa malaika watupu.

Majibu yalikuja Juni, nayo yanachekesha ukiyasoma kwa jicho la mwanasheria. Kongresi ya Bara haikusema "jitungieni serikali mpya." Wengi wao walikuwa bado wanataka kupatana na mfalme. Walisema: hati ya 1691 bado inafanya kazi. Gavana asiyeifuata mhesabuni kuwa hayupo. Chagueni wawakilishi, wawakilishi wachague Baraza la Ushauri, na baraza hilo lishike madaraka ya gavana mpaka mfalme atakapomteua mwingine atakayekubali kufuata hati. Yaani gavana yuko Boston, ng'ambo ya maji, anaonekana kwa darubini, lakini kisheria "hayupo".

Massachusetts ikafanya hivyo. Julai 1775 wawakilishi wapya walikaa Watertown, nje kidogo ya Boston, wakachagua Baraza la watu 28. Hilo ndilo lililokuwa gavana mwenye vichwa 28 mpaka 1780. Liliteua majaji, maofisa wa wanamgambo, mahakimu wa amani. Kwa muda samansi za mahakama ziliendelea kutoka kwa jina la mfalme, huku jeshi la mfalme huyo huyo likipigwa mizinga. Hadi Mei 1776 ndipo ikapitishwa sheria ya kuliondoa jina lake kwenye hati rasmi na kuandika badala yake "Serikali na Watu". Serikali hiyo ya kuazima ilikuwa na kasoro tele, na nitazisema, lakini ilikuwa serikali. Wezi walifungwa.

Isipokuwa kaunti ya Berkshire. Huko milimani, kwenye mji wa Pittsfield, alikuwepo mchungaji aitwaye Thomas Allen aliyeshika hoja moja hakuiachia: kama hati ya mfalme imekufa, nani amewapa hawa wa Watertown madaraka? Mfalme hawezi, maana mnapigana naye. Wananchi hawajaulizwa. Basi hakuna mahakama itakayokaa hapa mpaka tupate katiba tuliyoikubali sisi. Na kweli, kwa miaka kadhaa Berkshire ikazuia mahakama za kaunti zisikae, mambo yao yakaamuliwa na mikutano ya miji na kamati walizozichagua. Watu wa pwani waliwaona wakorofi. Mimi nawaona kama jirani yule anayekataa kuchanga mpaka aoneshwe daftari: anasumbua, lakini bila yeye daftari lisingeandikwa.

Septemba 1776, miezi miwili baada ya Azimio la Uhuru, wawakilishi wakaiuliza miji: mnaturuhusu sisi tukae tuandike katiba? Wakati huo karibu kila koloni lilikuwa likifanya hivyo, wabunge wanaandika, wanapitisha, kwisha. New Hampshire ilikuwa imetangulia wote tarehe 5 Januari 1776 kwa waraka mfupi sana. Rhode Island na Connecticut hazikujisumbua hata na hilo. Hati zao za zamani ziliwaruhusu kuchagua magavana wao, wakafuta jina la mfalme na kuendelea.

Jibu la Concord, Oktoba 1776, ndilo ninalokuomba uwasomee vijana wako kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Mji wa wakulima ulikaa kikao ukasema hapana. Maana yake kwa ufupi: katiba ni kanuni za kumlinda raia dhidi ya wanaomtawala. Ikiandikwa na wanaotawala, wataibadilisha siku itakapowabana. Katiba ambayo bunge linaweza kuibadilisha lenyewe haimlindi mtu na chochote. Basi liitwe baraza la pekee, lenye kazi hiyo moja, likimaliza livunjwe. Sisi tungesema kinyozi hajinyoi. Wao walilisema kwa maneno marefu zaidi, lakini ndilo hilo.

Wabunge hawakusikia, au walisikia nusu. Mwaka 1777 wakajigeuza wenyewe kuwa baraza la katiba huku wakiendelea kuwa wabunge, na mapema 1778 wakaipelekea miji rasimu ipigiwe kura na wanaume huru wote waliotimiza miaka 21. Ikaanguka vibaya: karibu kura 10,000 za kukataa dhidi ya 2,000 hivi za kukubali.

Hapa ndipo penye swali lako la pili. Kwa nini waikatae, adui akiwa mlangoni? Sababu za rasimu yenyewe zilikuwa nyingi na mara nyingine zilipingana. Haikuwa na Tamko la Haki. Kipengele kimoja kiliwanyima kura Weusi, Wahindi Wekundu na machotara kwa kuwataja waziwazi, na baadhi ya miji ilikikemea. Kaunti ya Essex, ya wafanyabiashara na wenye mali, ililalamika kwamba madaraka hayakutenganishwa sawasawa, hoja zao zikiandikwa na wakili kijana, Theophilus Parsons. Wengine waliona uwakilishi haukupimwa kwa haki. Lakini chini ya sababu zote kuna moja inayowezesha zote: waliweza kukataa kwa kuwa kukataa hakukuwaacha bila serikali. Lile Baraza la watu 28 lilikuwepo asubuhi iliyofuata. Konstebo alikuwepo, mkutano wa mji ulikuwepo. Waliikataa karatasi, hawakuikataa serikali. Ukilitenganisha hilo kichwani, fumbo linafunguka lenyewe.

Walipojaribu tena walifuata Concord. Miji iliulizwa kwanza kama inataka katiba mpya, ikasema inataka. Kisha wakachaguliwa wajumbe karibu 300 kwa kazi hiyo pekee, na kila mwanamume huru wa miaka 21 alipiga kura kuwachagua, mwenye mali na asiye nayo. Wakakutana Cambridge tarehe 1 Septemba 1779. Kamati ya watu 30 iliundwa, ikaikabidhi kazi kamati ndogo ya watatu, nao wawili kati ya hao watatu wakamwachia kazi wa tatu, John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani. Adams alikuwa ametua kutoka Ufaransa Agosti hiyo hiyo na Novemba akaondoka tena kwa meli. Katikati ya safari mbili, nyumbani kwake Braintree, aliandika rasimu. Alitaka gavana awe na kura ya turufu isiyopingika. Wajumbe wakaipunguza, mabunge mawili yaweze kuishinda kwa theluthi mbili. Mengi mengine yalibaki yake.

Machi 1780, baada ya kipupwe kikali kilichofunga barabara kwa theluji na kuwachelewesha wajumbe, rasimu ilipelekwa mijini. Miji haikuulizwa ndiyo au hapana kwa mkupuo. Iliombwa ipitie ibara moja moja, na pale inapopinga iandike sababu. Ikaandika. Mwalimu, majibu hayo yamehifadhiwa, na ukiyasoma unasikia wakulima na washona viatu wakibishana juu ya muda wa gavana kukaa madarakani na dhamana ya mahabusu. Ibara iliyozua vumbi zaidi ni ya tatu ya Tamko la Haki, iliyoruhusu miji kuwatoza watu fedha za kuwalipa walimu wa dini wa Kiprotestanti. Wabaptisti waliipinga kwa nguvu. Baraza lilipohesabu Juni likatangaza kwamba theluthi mbili zimepatikana kwa kila ibara. Wanahistoria waliozirudia hesabu hizo wana mashaka makubwa, hasa kwa hiyo ya tatu, kwa kuwa miji iliyosema "tunakubali ikirekebishwa" iliingizwa upande wa kukubali. Usiwafiche vijana jambo hilo. Anayetaka kuitetea kazi ile ni lazima alijue doa lake.

Oktoba 1780 katiba ikaanza kazi, Hancock akiwa gavana wa kwanza aliyechaguliwa na watu chini yake. Vita viliendelea hadi mkataba wa amani wa 1783. Katiba hiyo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo inayotumika Massachusetts hadi leo.

Na walioachwa nje? Hapa binti yako atakuuliza tu, namjua bila kumwona. Wanawake hawakuulizwa. Wanaume wasio na mali waliulizwa, wakapiga kura kuipitisha katiba ambayo ilidai mali ya pauni 60, au ardhi ya kuingiza pauni 3 kwa mwaka, ili mtu apige kura baadaye. Maana yake wapo waliojipigia kura ya kujinyima kura. Februari 1780, miezi minne kabla ya hesabu, wanaume kadhaa Weusi na wa asili ya Kihindi Chekundu wa eneo la Dartmouth walipeleka malalamiko: wanatozwa kodi lakini hawana sauti. Miongoni mwao walikuwemo Paul Cuffe na nduguye John, ambao baba yao alikuwa mtu wa jamii ya Waakan wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani. Walilirusha neno la wanamapinduzi wenyewe kwenye uso wa wanamapinduzi.

Tena ibara ya kwanza ya Tamko la Haki ilisema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Mwaka 1781 mwanamke mtumwa wa mji wa Sheffield, ambaye baadaye alijulikana kama Elizabeth Freeman, alimwendea wakili Theodore Sedgwick akitaka sheria hiyo imwachie huru. Kesi ilisikilizwa Great Barrington, mji ule ule uliofunga mahakama ya mfalme miaka saba nyuma. Juri ikamwachia huru pamoja na mwenzake, Brom, na kuwapa fidia ya shilingi 30. Kesi za Quock Walker, mtumwa mwingine aliyedai uhuru wake, zilianza mwaka huo huo zikaendelea hadi 1783, na katika sensa ya 1790 Massachusetts haikuandika mtumwa hata mmoja.

Sasa nirudi kwenye pale palipo laini nilipokuahidi. Umesema "adui mlangoni". Jeshi la Uingereza liliondoka Boston tarehe 17 Machi 1776 na halikurudi. Kwa hiyo wakati wa Concord, wa rasimu ya 1778 na ya 1780, Massachusetts ilikuwa vitani kwa maana ya kupeleka vijana, chakula na kodi, na bei zilikuwa zinawaua watu sokoni. Lakini sehemu yake kubwa haikuwa uwanja wa vita. Iliweza kungoja, ikaweza kuuliza. Mpinzani mwerevu atalisema hili jukwaani na atapigiwa makofi.

Linganisha na New York. Waingereza waliushika mji wa New York tangu Septemba 1776. Wajumbe wa huko waliandika katiba wakihamahama, kutoka White Plains kwenda Fishkill mpaka Kingston, ambako waliipitisha tarehe 20 Aprili 1777. Hawakuipeleka kwa wananchi ipigiwe kura. Miezi sita baadaye Waingereza waliichoma moto Kingston. Hao kweli adui alikuwa mlangoni, nao waliweza kutunga katiba, ila waliruka hatua ya kuwauliza watu. Na haikuwa katiba mbaya, kwa njia. Adams mwenyewe aliifahamu, na gavana wao wa kuchaguliwa na watu moja kwa moja alikuja kabla ya yule wa Massachusetts.

Kwa hiyo ungeniuliza vijana wa upande wa kupinga waseme nini, ningewaambia wachukue yote mawili. New York inathibitisha kwamba katiba inaweza kuandikwa moto ukiwaka. Massachusetts inaonesha jinsi ya kuipa katiba idhini ya watu, na hiyo inataka muda na serikali ya muda inayoweza kushikilia mambo. Wakishika Massachusetts peke yake watadokolewa. Upande unaounga mkono mada nao wana hoja ya haki: kuharakisha kunakula ridhaa. Mimi nikiwa jaji wa mdahalo ningeona mada yenyewe imekaa vibaya, kwamba swali gumu si kama katiba inawezekana vitani, ni nani anabaki bila kuulizwa ikiharakishwa. Lakini mimi si jaji.

Tahadhari moja ya mwisho. Wanafunzi wenye akili watavuka haraka kutoka Concord hadi kwetu. Watakutajia Kenya, ambako rasimu ilikataliwa kwa kura ya maoni Novemba 2005 na nyingine ikakubaliwa Agosti 2010. Watakutajia Bunge Maalum la Katiba la Tanzania la 2014, wabunge wakiwa ndani yake, na watauliza kinyozi alikuwa anamnyoa nani. Ulinganisho wa Kenya unasimama vizuri, watu walikataa karatasi na nchi ikaendelea. Kwa habari ya Tanzania mimi nina maoni yangu, lakini mtu wa historia ya karne ya 18 si mtu wa kuwaeleza wanafunzi wako sheria ya mabadiliko ya katiba inasemaje. Mtafute wakili au mhadhiri wa sheria aliye karibu na shule, mwalike akae nao saa moja kabla ya mdahalo, wamuulize ana kwa ana. Na wewe kama unafikiria kuigeuza mada hii kuwa utafiti wa shahada, usianze kwa barua yangu. Kaa na msimamizi mkaamue mapema kama utasoma majibu ya miji yote au ya kaunti moja. Mimi ningechagua Berkshire.